Halua Namba 641.5

Halua ile niliibeba kutoka Wete nikiwa nimeipakata ndani ya gari ya abiria kama mtu anayekwenda kuposa. Kilo mbili, bado ina uvuguvugu, imo ndani ya kikapu cha ukili, samli inanichuruzikia kwenye suruali. Bwana mmoja wa pembeni akaniuliza, "Harusi ya nani, yakhe?"

"Ya maktaba," nikamjibu.

Akasogea kidogo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja hapa Pemba, na maktaba nilikabidhiwa kwa sababu moja tu: nilichelewa kikaoni. Waliowahi walishagawana michezo na chakula cha mahafali. Zikabaki rafu, vumbi, na wajibu wa kuwatembeza maktabani wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza kila Januari. Aliyenitangulia alikuwa anasimama mlangoni na kuwasomea masharti mpaka wanasinzia. Mimi nikasema hapana, mwaka huu watacheza.

Likizo nzima nilikuwa nabandika namba kwenye migongo ya vitabu. Namba zenyewe ni za Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, ambaye mwaka 1876 aliigawa elimu yote ya ulimwengu mafungu kumi, kuanzia 000 mpaka 900. Mambo ya sayansi 500, fasihi 800, na kadhalika. Sina ugomvi na bwana huyu isipokuwa kwenye fungu la 200, la dini. Karibu lote aliwapa Wakristo, Uislamu akaubana kwenye 297. Sasa weka mpango huo kwenye skuli ya Pemba uone. Rafu yangu ya 297 ilifura kama mtu aliyekula pilau ya nyumba mbili, na majirani zake wote wako wazi, unaweza kulala hapo.

Mchezo ulikuwa hivi. Watoto wanapewa karata yenye namba 967.81, historia ya Zanzibar. Ndani ya kitabu hicho wanakuta kikaratasi kinachowapeleka 796.334, mpira wa miguu. Mpira unawapeleka 595.796, ambako Dewey aliwaweka sisimizi. Sisimizi wanawapeleka 641.5, mapishi, na nyuma ya kitabu cha mapishi ndiyo kuna halua. Naam, mlangoni kuna tangazo la CHAKULA MARUFUKU, tena kwa mwandiko wangu. Nikajiambia ni usiku mmoja tu. Jumapili baada ya adhuhuri nikaificha, nikafunga mlango, nikaenda zangu nyumbani nikijisifu njia nzima.

Jumatatu asubuhi wakaja arubaini na sita, wengine wamevaa viatu vya kukulia. Nikawapanga mbele yangu, rafu ziko nyuma yangu, nikawahutubia. "Kila kitabu kina nyumba yake. Ukiijua namba, hata gizani utabisha hodi mlango sawa." Nikawagawia karata. "Haya, nendeni!" Ndipo nikageuka.

Rafu zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kupita kiasi. Kushoto kabisa imesimama atlasi kubwa, ikifuatiwa na kitabu cha ndege, halafu kamusi, halafu vinashuka taratibu, vinashuka, mpaka mwisho wa ukuta kwenye vijitabu vya kilimo cha mwani vyenye kimo cha kiganja. Hakuna kitabu kilichomzidi jirani yake hata unywele. Na vilivyolingana urefu, vyekundu viko na vyekundu wenzao, kijani na kijani. Likizo yangu yote imepangwa kwa kimo, kama gwaride.

Watoto wameshatawanyika. Kijana mmoja akaja na kidole chake mgongoni mwa aljebra.

"Mwalimu, baada ya 512 inakuja 636?"

Nilipaswa kusema kweli. "Hizi ni hesabu za maktaba," nikamwambia. "Utazizoea." Aljebra ilikuwa imeegemea ufugaji wa mbuzi, na mbuzi wameegemea sera za fedha. Historia ya Zanzibar ilipatikana chini ya dirisha, katikati ya vitabu vya bluu. Aliyeipata hakuijua kama ndiyo, akairudisha. Nami nikawa nazunguka jasho likinitoka, natafuta kitabu cha mapishi. Nilikipata. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Kilo mbili hazipo.

Basi kibinti kimoja, ushungi umemfunika mpaka kwenye viwiko, akawa amechutama pembeni, hashughuliki na namba za mtu.

"Mwalimu, sisimizi hawa nao wana karata?"

Nikatazama. Si majimoto wale wa kwenye mikarafuu, hapana, ni sisimizi wadogo wastaarabu, wameingia dirishani, wamepita 297 bila ya kusimama, wakashuka chini na kuchapa njia ukutani kwa mstari ulionyooka kuliko chochote nilichowahi kukipanga mimi. Kibinti akaanza kuwafuata kwa magoti. Mwenzake akamfuata. Punde darasa zima limo sakafuni linatambaa.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na Mwalimu Mkuu akaingia, nyuma yake mzee mmoja wa kamati ya skuli, kanzu imenyooka, bakora mkononi. Wakatazama zile nyayo tisini na mbili.

"Mwalimu, hawa wanafanya nini?"

"Wanafuata mfumo, Mkuu."

Mfumo ukaishia kwenye kasha la vitabu vilivyorudishwa. Kibinti akafunua. Halua yangu imo, imekaa juu ya vitabu vitatu ambavyo samli imeshavigeuza kimoja, na juu yake sisimizi weusi tititi utadhani ni ufuta. Mwalimu Mkuu akarudi mlangoni, akalisoma tangazo langu kwa sauti, neno kwa neno, yote mawili. Mzee wa kamati yeye aliinama, akapuliza upande mmoja, akamega kwa ncha ya kidole.

"Ya Wete hii," akasema, akamega tena.

Nikatoka nje kumtafuta mama wa usafi, maana mwenye ufunguo wa pili ni yeye peke yake. Nikamkuta anafagia baraza.

"Shikamoo, mama. Jana ulipita maktaba?"

"Marahaba, mwanangu. Nilipita, kwani wageni si leo? Nikakuta vitabu vimevurugwa, kirefu kando ya kifupi, aibu tupu! Hata karafuu twachambua, makonyo mbali, karafuu mbali. Nikakaa navyo mpaka Magharibi. Na halua yako uliisahau nyuma huko, nikakutilia kwenye kasha, panya wasije wakaila."

Mtu amekupa alasiri yake nzima na mgongo wake. Unamwambiaje habari za Dewey?

"Ahsante, mama," nikasema.

Kuvirudisha kulituchukua wiki mbili, kila siku baada ya masomo, mimi na walewale arubaini na sita. Siku nzima moja ilikwenda kwa ugomvi wa 796.334 na 796.4. Watoto walishikilia kuwa 334 ni kubwa kuliko 4, kwa hiyo ikae mbele, na ilibidi aitwe mwalimu wa hesabu, ambaye naye aliomba kwanza aonyeshwe halua ilikuwa wapi. Mama wa usafi hakuwapo siku zote hizo, alikwenda Mkoani kwenye harusi ya mjukuu wake.

Alirudi Jumatatu tulipomaliza. Akasimama mlangoni na ufagio wake, akazitazama rafu kutoka kushoto mpaka kulia, atlasi imesimama kando ya kijitabu, kamusi imemfunika mtoto wa watu.

"Lahaula! Watoto hawa wameshavivuruga tena!"

Akaegemeza ufagio ukutani, akaanza kujifunga kanga kiunoni. Mimi nilikuwa nimeshasimama mbele ya 297, mikono nimeitanua kama golikipa.