Kuzoesha sokwe ili kuwachunguza: faida na deni lake

Sokwe asiyemjua binadamu huonekana kwa sekunde chache tu: matawi yanatikisika, mgongo mweusi unapita, kisha kimya. Kwa sekunde hizo huwezi kujua nani ni mama wa nani, nani anamwogopa nani, wala wanakula nini msimu wa ukame. Ndiyo maana tangu mtafiti Jane Goodall alipofika msitu wa Gombe, Tanzania, Julai 1960, uchunguzi wa tabia za nyani wakubwa (sokwe, gorila na jamaa zao) umejengwa juu ya kuwazoesha kwanza. Kuzoesha si kufuga. Mnyama hashikwi wala hafundishwi. Lengo ni ampuuze mtu aliye jirani yake, aendelee kula, kugombana na kulea kama kawaida. Wanaoipinga njia hii wanauliza mambo mawili: je, tabia inayoonekana baada ya hapo ni ya kweli, na je, mnyama anabaki salama? Yote mawili ni maswali halali.

Njia ya mkato ni chakula. Gombe ilitumia ndizi kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960. Kule Mahale, pia Tanzania, mtafiti Toshisada Nishida alianza kazi mwaka 1965 na akawavuta sokwe kwa miwa, baadaye ndizi. Ilifanya kazi haraka, lakini ilikusanya mahali pamoja wanyama ambao kwa kawaida hutawanyika porini katika vikundi vidogo vinavyobadilika kila siku. Mwaka 1974 Richard Wrangham alionyesha kwamba ulishaji wa Gombe uliongeza ugomvi kati ya sokwe wenyewe, na hata kati yao na nyani wa kawaida. Kutokana na hilo wakosoaji walikwenda mbali zaidi, wakadai kwamba hata mauaji ya miaka ya 1974 hadi 1978, jamii ya sokwe wa Gombe iitwayo Kasakela ilipoimaliza jamii jirani ya Kahama, yalisababishwa na ndizi.

Dai hilo la mwisho halikusimama. Mwaka 2014 Michael Wilson na wenzake walikusanya takwimu za jamii 18 za sokwe kutoka vituo mbalimbali Afrika, zikiwa na mauaji 152 yaliyoshuhudiwa, kukisiwa au kushukiwa. Kilichoeleza tofauti kati ya jamii na jamii kilikuwa idadi ya madume na msongamano wa sokwe, si ulishaji wala usumbufu wa binadamu. Hata hivyo, jibu hilo linahusu mauaji tu. Halisemi kwamba ulishaji haukugusa ugomvi wa kila siku, njia wanazopita au muda wanaokaa pamoja. Mahale iliacha kulisha mwaka 1987 na Gombe mwaka 2000, na hakuna sababu ya kurudi huko.

Njia ya pili ni subira. Timu ya watu wawili au watatu, sura zilezile, nguo za rangi ileile iliyofifia, hutoka kabla ya mapambazuko ili ifike karibu na viota vya usiku kabla sokwe hawajashuka. Hawajifichi. Anayenyemelea huonekana kama chui, na akigunduliwa huharibu kazi ya wiki nyingi. Wanasimama mahali peupe, wanatoa sauti ndogo ileile kila wanapokaribia, wanakaa chini, na hawamkodolei mnyama macho. Kundi likiondoka kwa hofu, halikimbizwi. Kila mkutano huandikwa: saa, umbali wa kuonana mara ya kwanza, nani alikuwepo, na aliitikia vipi, alikimbia, alitisha, alidadisi au alipuuza. Umbali ukipungua na kukimbia kukiwa nadra mwezi baada ya mwezi, kazi inasonga. Gorila wa milimani huweza kuzoea katika mwaka mmoja au miwili. Sokwe wasiolishwa mara nyingi huhitaji miaka mitano au zaidi. Mradi unaowaahidi wafadhili matokeo ya sokwe ndani ya miaka miwili utaishia kuwakimbiza, na sokwe anayekimbizwa hujifunza kukimbia mapema zaidi.

Hapa kuna kosa la kipimo ambalo halisemwi vya kutosha. Wanyama wa kundi moja hawazoei kwa kasi moja. Kwa sokwe, madume hutangulia. Majike wenye watoto wachanga hubaki pembezoni kwa miaka. Mtafiti anayeanza kuhesabu mapema ataandika kwamba majike ni wapweke na hawashirikiani na madume, kumbe walikuwa wanamkwepa yeye. Dawa ni mbili. Kwanza, usichague mnyama wa kufuata kwa sababu anaonekana vizuri; panga orodha kwa bahati nasibu, mfuate mmoja kwa muda uliowekwa, kwa mfano dakika 15, uandike kila anachofanya, kama Jeanne Altmann alivyosisitiza mwaka 1974 alipozichambua mbinu za kuchukua sampuli za tabia. Pili, tenga takwimu za mnyama yeyote ambaye daftari la mazoea bado linaonyesha anakimbia.

Hata mnyama aliyezoea kabisa haishi kama ambavyo angeishi bila mtu, kwa sababu maadui zake hawajazoea. Mfano mzuri unatoka Laikipia, Kenya. Lynne Isbell na Truman Young waliripoti mwaka 1993 kwamba chui waliwashambulia tumbili zaidi watafiti walipokuwa hawapo. Kima wa Afrika Kusini nao walipimwa kwa vyombo vya chakula vilivyowekwa kwenye urefu tofauti kutoka ardhini: walipofuatwa na watu walikula zaidi na kuacha kidogo, hata chini karibu na ardhi ambako hatari ni kubwa. Mtu amekuwa ngao bila kukusudia. Kwa hiyo hitimisho lolote kuhusu hofu, utafutaji wa chakula ardhini au vifo vya kuliwa likitegemea siku za ufuatiliaji pekee, lina kasoro.

Lakini hoja nzito kuliko zote ni ugonjwa. Mafua yanayompitia mtu kwa siku tatu huweza kuua sokwe. Katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, milipuko ya magonjwa ya njia ya hewa ya mwaka 1999, 2004 na 2006 ilihusishwa na virusi vya binadamu. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi, Uganda, walipatwa na upele. Watetezi wakisema hatari hii inadhibitika, wako sahihi kwa sharti kwamba kanuni zifuatwe kila siku: karantini kabla ya kuingia msituni, barakoa, umbali wa mita 10, buti zilizooshwa kwa dawa, kinyesi cha watu kufukiwa kwa kina au kubebwa, na anayekohoa abaki kambini akilipwa mshahara wake. Hilo la mshahara ndilo huvunjika. Kibarua asiyelipwa akiumwa ataficha kikohozi, na hakuna barakoa itakayoziba pengo hilo.

Upande wa pili wa mizani una uzito ambao wapinzani huupuuza. Kule kwenye milima ya Virunga, takwimu za mwaka 1967 hadi 2008 zilionyesha makundi ya gorila yaliyozoeshwa yakikua kwa asilimia 4.1 kwa mwaka, huku yasiyozoeshwa yakipungua kwa asilimia 0.7. Tofauti hiyo ilitokana na ulinzi wa kila siku na matibabu: nyaya za mitego ziliondolewa kabla hazijakata kiungo. Mganga wa wanyama hawezi kumkaribia gorila anayekimbia. Huko Taï pia, uwepo wa watafiti ulipunguza ujangili katika eneo la utafiti. Kamera za mtego, vinasa sauti na vipimo vya kinyesi hutoa mengi bila mtu kuonekana, na kwa kuhesabu idadi vinatosha. Lakini kamera haiondoi waya mguuni.

Ulinzi huo ukikoma, mazoea yanageuka mtego. Vita vilipoingia Kahuzi-Biega, Kongo, katika miaka ya 1990, gorila waliozoea watalii hawakuwa na sababu ya kumkimbia mwenye bunduki, na wengi waliuawa. Sokwe huweza kuishi zaidi ya miaka 40. Fedha za utafiti hutolewa kwa miaka mitatu.

Kwa maoni yangu, tatizo la kuzoesha liko kwenye hesabu hiyo kuliko kwenye mbinu yenyewe. Pasipo na askari wa hifadhi waliohakikishiwa mishahara baada ya mtafiti kuondoka, kundi lisizoeshwe, hata kama swali la kisayansi ni zuri kiasi gani. Zitumike kamera na kinyesi. Penye ulinzi wa kudumu, lizoeshwe kundi moja tu, na la jirani liachwe likiwa pori, likifuatiliwa kwa kamera na homoni za msongo kwenye kinyesi. Hilo la pili ndilo litakaloonyesha ni kiasi gani cha tabia ya la kwanza kimesababishwa na mtu aliyeketi pembeni na daftari.