Maiti Aliyedai Rambirambi

Jukwaani nimekufa mara nyingi hata hesabu imenipotea. Nimechomwa kisu, nimerogwa na shemeji, nimenyweshwa sumu na mke mdogo, na siku moja niligongwa na treni, ambayo ilikuwa kipande cha bati na vijana wawili wanaopiga filimbi. Lakini kufufuka nimefufuka mara moja tu, Temeke, mwaka 1994, na mpaka leo kuna watu tukikutana kituo cha daladala wananiamkia, "Shikamoo marehemu."

Enzi zile Dar es Salaam ilikuwa ya makundi ya sanaa. Muungano walikuwepo, TOT (Tanzania One Theatre) nao walikuja 1992, na mipasho yao iliwagawa watu kama Simba na Yanga. Sisi tulikuwa kundi dogo la kuokota makombo: wakubwa wakiwa Kinondoni, sisi tunajipenyeza Temeke. Tiketi moja ilimpa mtu kila kitu, ngoma, sarakasi, mazingaombwe, kichekesho, igizo, halafu taarabu ya kufungia. Na kundi likiwa dogo, msanii ni yule yule. Saa tisa niko kwenye sindimba, nimejifunga kitambaa kiunoni. Saa kumi niko chini kabisa ya mnara wa sarakasi, watu watano wamesimama juu yangu, kosa langu ni kuzaliwa na mabega. Saa kumi na mbili nakufa. Saa moja usiku nimevaa suti, naimba mapenzi. Ukiniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa, nitakwambia ilikuwa kubadilisha nguo.

Igizo halikuwa na karatasi ya maneno. Mwalimu wetu, aliyesomea Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alitukalisha Jumanne chini ya mwembe akatugawia: "Wewe bahili, unakufa. Wewe mjane, unaimba. Nyinyi ndugu mnagombea mali." Mengine mnajipikia wenyewe mbele ya watu. Lakini kwenye kufa Mwalimu hakuwa na mzaha. Alitaka pamba puani, taya lifungwe kitambaa, sanda iwe nyeupe. Akanifundisha kupumua kwa tumbo la chini, polepole, kama mpangaji anayedaiwa kodi ambaye hataki mwenye nyumba ajue yumo ndani.

Sanda tuliazima gesti ya jirani. Pembeni ilikuwa na muhuri wa wino wa bluu, CHUMBA NA. 6. Tukauzungushia miguuni usionekane.

Basi Jumapili hiyo nikafa vizuri tu. Nikalazwa kwenye mkeka, uso wazi, maana watu wamelipa. Mjane akaanza kuimba. Dada yule alikuwa na sauti, jamani, ya kumfanya mtu amlilie bahili aliyempunja mwenyewe. Na mnajua desturi ya kumbi zetu: mwimbaji akikukuna, unaondoka kitini na noti yako, unacheza taratibu mpaka mbele, unamtunza. Shida ni kwamba mjane alikuwa ameweka mikono kichwani, analia. Noti utaiweka wapi? Mama mmoja wa vitenge vya sare akasimama, akazunguka, akatazama, mwisho akainama akaniwekea mimi kifuani shilingi 200. "Poleni wafiwa," akasema.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Ukumbi mzima ukakumbuka kwamba msibani watu hutoa rambirambi. Wakaja kwa foleni, na kila akija mtu mjane anarudia ubeti. Igizo la dakika kumi likafika ishirini, bahili hazikwi, anachangiwa tu.

Mimi jicho la kushoto, lile la upande wa pazia, nilikuwa nimelifumbua kidogo. Nikaona 200. Nikaona 500. Nikaona noti ambayo sikuijua mara moja kwa sababu haikuwahi kukaa kwangu. Na nikamwona aliyeigiza mjomba wangu, jamaa aliyenikopa nauli tangu Idi, anazichota moja moja kwa adabu zote: "Ahsante mama, msiba ni wetu sote," na mkono unazama kwenye mfuko wa kanzu.

Sheria ya kundi ilikuwa wazi: ukitunzwa, nusu yako, nusu ya kundi. Ya mjomba haikuwepo.

"Nusu yangu," nikamnong'oneza. Kwa taya lililofungwa ilitoka kama mtu aliyekabwa na muhogo.

Akaniinamia kama ananisomea dua, akanijibu taratibu sikioni: "Sanda haina mfuko, kaka."

Sasa, mwaka ule ndio maji yalipungua Mtera, bwawa la kuzalisha umeme, umeme ukawa wa mgao. Ubeti wa tano sijui wa sita, kiza! Ukumbi ukapiga mbinja. Jenereta letu nilikuwa nalijua: kijana alivute, alitukane, aliombe radhi, ndipo likohoe. Si chini ya dakika tano. Nikapiga hesabu nikiwa pale pale mkekani. Dakika moja ya kumpata mjomba, moja ya kuchukua haki yangu, tatu za kurudi kufa.

Nikainuka. Nikapapasa. Nikapata kanzu, nikapata mfuko, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Mjomba naye akanishika, tukaanza kuvutana bila sauti kama watu walioshikana ugoni.

Jenereta likawaka mvuto wa kwanza. Halijawahi kufanya hivyo kabla, na halikufanya tena.

Ukumbi ulichokiona ni maiti amesimama, taya limefungwa, pamba puani, konzi la noti mkononi. Kimya. Halafu meza ya mbele ikapinduka na bia zake. Mzee mmoja wa kofia akatoa shahada kwa sauti ya juu. Muuza mishkaki wa mlangoni alitoka mbio akaacha jiko linawaka, na aliporudi alikuta vijiti vitupu. Katikati ya vurugu ile, sauti ya mtoto: "Marehemu anaondoka na shuka la gesti!" Nikatazama chini. CHUMBA NA. 6 ilikuwa imepanda mpaka kiunoni.

Mjomba, mwizi yule, alikuwa msanii. Akanyoosha kidole: "Mnamwona bahili? Kaburini hataki kwenda mpaka ahesabu!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu wakapigana vibao migongoni. Hata Mwalimu, aliyekuwa nyuma ya pazia ameshika kichwa, akakiachia. Nikainamisha kichwa kupokea makofi, nikiamini yameisha.

Mama wa vitenge akasimama. "Ngojeni kwanza. Kumbe mzima? Basi mia mbili yangu irudi. Mimi nilimzika."

Ile foleni ya kutoa ikageuka foleni ya kudai. Mshika fedha wetu akaja na daftari lake la shule, akakalia ngoma. Mfukoni mwa mjomba na mkononi mwangu, jumla, zilikutwa shilingi 4,600. Madai yalifika 9,000 na watu hawajaisha. Waliotoa 200 walikuwa wamekumbuka kwamba ni 500. Jamaa mmoja hakutoa hata senti, nilimwona kwa jicho langu la kushoto, lakini alitaka fidia kwa sababu amelia. Ningemtolea ushahidi, ila maiti atasema aliona nini? Pengo likajazwa kwa pesa za mlangoni, na daftarini deni likaandikwa jina langu. La mjomba halikuandikwa. Yeye, walisema, aliokoa igizo.

Saa moja nikavaa suti. Pamba ya kulia nilikuwa nimeitoa. Ya kushoto, kwenye ule mshtuko, ilipanda juu na kidole hakikuifikia. Nikashika maikrofoni, nikafungua ubeti wa mapenzi, ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Wapiga kinanda wakatazamana. Nikafumba macho nikaendelea, kwa sababu deni lilikuwa na jina langu.

Katikati ya kiitikio nikasikia shangwe. Nikafumbua macho: vitenge vya sare vinakuja, mama anacheza taratibu, noti juu. Akanizunguka mara moja, akaichomeka kwenye kola yangu. 500 nzima. Kisha akanisogelea sikioni.

"Hii ni ya kuimba," akasema. "Ukifa tena, nitaidai."