Moja Iliyokosekana Ubaoni

Nimefundisha hisabati sekondari Morogoro miaka 11. Nimesahihisha madaftari mpaka kidole kikaota sugu. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba kuna timu nzima ya mpira huku Ireland iliaga mashindano kwa sababu mimi nilikosa moja, tena moja yenyewe, tarakimu 1, naombeni mnivumilie mpaka mwisho ndipo mcheke.

Siku hizi sifundishi. Nipo kaunti ya Mayo, magharibi kabisa ya Ireland, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kijiji chetu kina kanisa, baa mbili, duka linalouza mkate, dizeli na mabuti ya mvua, na uwanja wa mpira. Uwanja ndio mkubwa kuliko vyote hivyo. Mwanzoni nilidhani ni malisho ya kondoo, maana kondoo walikuwemo.

Mpira wenyewe siyo huu wetu. Unaitwa mpira wa Gaelic. Wanacheza 15 kwa 15, mpira wanaushika kwa mikono, wanakimbia nao hatua nne, kisha wanaudundisha au wanaupiga kwa ncha ya kiatu urudi mkononi. Goli lina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mwamba ukaingia wavuni, hilo ni bao, na bao moja ni sawa na pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba, katikati ya milingoti, hiyo ni pointi moja. Yaani lile shuti la kupaisha ambalo pale kwa Mkapa jukwaa zima lingekuzomea, huku mama yako anakumbatiwa na majirani. Kila goli lina waamuzi wawili waliovaa makoti marefu meupe kama wauza bucha. Bao likiingia wanapeperusha bendera ya kijani, pointi ikipatikana wanapeperusha nyeupe.

Matokeo yanaandikwa kwa mafungu mawili. 1-10 maana yake bao moja na pointi kumi, jumla 13. Shikeni hapo, ndipo msiba wangu ulipoanzia.

Jambo lililonipendeza zaidi ni kwamba hakuna anayelipwa. Unachezea parokia uliyokulia, basi. Hakuna usajili wa dirisha dogo wala straika wa kushushwa na ndege usiku. Kipa wetu ni fundi bomba, ambaye siku moja aliniachia choo kimefunguliwa nusu kwa sababu saa ya mazoezi ilifika. Namba 6, beki wa kati, ndiye anayenigawia barua. Jumatatu namwona ana jicho jeusi kama amepigana na punda, ananikabidhi bili ya umeme, anasema asubuhi njema.

Na jezi, jamani, ni kijani na njano. Mimi ni Yanga wa kuzaliwa. Nilipoona rangi zile zikitoka vyumbani kwa mara ya kwanza sikuuliza swali la pili, nikalipa ada ya uanachama palepale.

Klabu za daraja la juu kaunti hii zilikuwa 16, zimegawanywa kwenye makundi manne, wawili wa juu wa kila kundi wanakwenda robo fainali. Bingwa anakabidhiwa Kombe la Moclair kwenye uwanja wa MacHale Park, mjini Castlebar. Kwa watu wa huku kombe hilo lina uzito wake, maana timu ya kaunti yenyewe haijawa bingwa wa Ireland nzima tangu 1951. Toka 1989 mpaka 2021 imefika fainali 11, na zote imepoteza. Wazee ninaowanyoa ndevu asubuhi watakwambia ni laana: eti mashujaa wa 1951 walipita na kombe lao wakishangilia pale Foxford, msiba ukiwa njiani, padri akakasirika. Niliwasikiliza kwa heshima zote. Moyoni nikasema kwetu kamati ya ufundi ingekuwa imeshalishughulikia hili kabla ya Uhuru.

Haya. Ilikuwa mechi ya mwisho ya kundi, miaka michache iliyopita, kabla hawajaleta sheria mpya za 2025 zinazotoa pointi mbili kwa shuti la nje ya tao la mita 40. Nashukuru Mungu hazikuwepo. Sisi tulihitaji sare tu tupite. Wapinzani walihitaji kushinda. Wakaanza kushuka kwenye magari yao, nikaona jezi: nyekundu. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Nikiwa nimesimama pale na bendera yangu ndogo, akanijia katibu wa klabu, mama mmoja mfupi mwenye koti la mvua, ambaye kwa kweli ndiye anayeendesha kijiji, padri anasaidia tu. Kijana wa kupanga ubao wa matokeo ameamka na tetekuwanga.

"Wewe si ulikuwa mwalimu wa hesabu?"

Nikavimba kama andazi kwenye mafuta. Nikasema, ndiyo mama, miaka 11.

Ubao wenyewe ulikuwa pembeni ya goli la mbali, mbao zilizopakwa rangi nyeusi, misumari sita, ngazi, na gunia la viazi lenye vibati vya tarakimu. Vibati vimepakwa rangi nyeupe kwa mkono, vingine vina kutu, ile 5 ilikuwa imekunjika kama iliwahi kukanyagwa na trekta. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilimwaga gunia chini nikahesabu: sifuri saba, mbili tano, tisa tatu, moja nne. Nne. Nikaziona ni nne, nikazirudisha guniani, wala kengele haikulia kichwani.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri mno. Bendera nyeupe ikipanda, napanda ngazi. Nashuka, napuliza mikono kwa baridi, napanda tena. Mvua ilikuwa ile ya huku isiyonyesha wala kuacha. Mapumziko nikaletewa chai ya maziwa na sandwichi, na mzee mmoja mwenye kofia bapa akanishika bega akasema neno ambalo sikulielewa hata silabi moja. Lafudhi ya wazee wa huku maneno yanatoka yameshikana mikono kama watoto wa chekechea wanavuka barabara. Nikamwinulia dole gumba. Akafurahi.

Kipindi cha pili mambo yakachemka. Wakapata bao, nasi tukapata bao. Zilipobaki kama dakika tano kutimia 60, ubao ulisomeka hivi: sisi 1-10, wao 1-09. Hebu hesabuni. Sisi tumetumia moja mbili, wao moja moja. Imebaki moja guniani.

Wekundu wakapata faulo, wakaipaisha juu ya mwamba. Bendera nyeupe. Wamefika 1-10. Hapo lazima vibati vyote viwili vibadilike, sifuri na tisa vitoke, moja na sifuri viingie. Nimo juu ya ngazi, ile 9 nimeing'ata kwa meno, natafuta msumari kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikasikia kelele nyuma yangu. Kipa wetu alikuwa ameshauanzisha mpira, mwekundu mmoja mrefu kama mnazi akaudaka hewani katikati ya uwanja, akapiga hatua zake, akaurudisha ulikotoka. Juu ya mwamba. Bendera nyeupe tena, kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu.

1-11. Nikashuka nikazamisha mkono guniani.

Mbili. Sifuri. Tisa. Ile 5 ya trekta. Nikamwaga gunia kwenye matope, nikapiga magoti, nikatafuta kama mtu aliyedondosha pete ya ndoa. Moja hakuna. Ubaoni juu yangu zimening'inia nne zote, na ya tano haijawahi kutengenezwa, kwa sababu inaonekana tangu klabu ianzishwe hakuna mechi iliyowahi kufika 1-11 kwa 1-10.

Mimi natambaa kwenye matope, ubao unawaambia watu wote: 1-10 kwa 1-10. Sare.

Sasa mwelewe, kwenye vurugu ile ya pointi mbili za harakaharaka, nani aliyekuwa anahesabu? Kocha wetu muda huo alikuwa anagombana na mshika kibendera kuhusu mchezaji wa akiba. Alipogeuka akatazama ubao. Nilimwona kwa macho yangu. Akatazama ubao, akainua mikono miwili, viganja chini, akawa anaibonyeza hewa taratibu: tulieni, shikeni mpira. Yule namba 6, mgawa barua, naye akainua kichwa akatazama ubao, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ananiamini. Hiyo sura sitaisahau.

Wakaanza kupigiana pasi. Kulia, kushoto, nyuma, nyuma zaidi. Wekundu walishangaa, maana hawajawahi kuona timu iliyofungwa inapoteza muda, lakini mtu akikuzawadia ng'ombe huanzi kumhesabu meno. Wakarudi nyuma wakatulia.

Mimi nahangaika. Nikajaribu 7 kichwa chini, ikawa herufi L. Nikachukua mfuniko wa bati la biskuti, nikaomba kalamu ya wino mzito kwa mtoto aliyekuwa jirani, akanipa ya waridi. Nikachora 1 kubwa, nzuri, yenye kofia na kiatu, kama nilivyokuwa nawafundisha wanafunzi. Nikapanda ngazi. Upepo wa Atlantiki ukanipokonya mfuniko, ukauzungusha mara mbili ukapita nao juu ya uzio, ukaenda kuuweka katikati ya kondoo.

Yule mzee wa kofia bapa alikuwa anapiga kelele, ananionyesha ubao, ananionyesha vidole. Na wengine nyuma yake pia, mstari mzima, wanarusha mikono. Nikaona jamaa wamenogewa na mechi. Nikawainulia dole gumba. Wakazidi kupiga kelele. Nikawainulia yote mawili.

Kipyenga cha mwisho.

Kijani wakaruka juu, wakakumbatiana, kipa akapiga magoti akabusu nyasi. Wekundu nao wakaruka juu, wakakumbatiana, kocha wao akabebwa. Kwa muda wa kama robo dakika uwanja ule ulikuwa mahali penye furaha kuliko pote duniani, watu 30 wanashangilia mechi moja, hakuna aliyeshindwa. Refa amesimama katikati anageuka huku na huku kama mgeni aliyeingia harusi ya watu wasiomhusu. Halafu akatoa kijitabu mfukoni. Huku hesabu rasmi ni ya refa, ubao ni mapambo tu. Akakifungua, akamwonyesha nahodha wetu kwa kidole.

Ukimya ulianzia pale ukasambaa mpaka jukwaani. Kisha vichwa vyote, vya kijani na vya rangi nyekundu, na vya wauza bucha wote wanne, vikageukia ubao. Nami nipo juu ya ngazi, tope mpaka kiunoni, nimeshika 7 iliyopinduliwa.

Nilisubiri kipigo. Nimekua nikitazama mpira wa Tanzania, najua mlango wa dharura uko wapi. Lakini watu wa huku wana ukatili wao: wakawa wastaarabu. Wakaniletea chai. Katibu akaketi kando yangu, akatazama mvua muda mrefu, akasema, "Angalau siku yenyewe ilikuwa nzuri."

Nikampigia mke wangu.

"Baba Neema, wamekufukuza?"

"Hapana. Wamenipa chai."

"Basi jiandae," akasema, "hao bado hawajamaliza."

Saa tano usiku, kitandani, nikaketi wima ghafla. Bao moja na pointi 11 ni 14. Bila bao na pointi 14 ni 14 vilevile! Ningeandika 0-14 tu. Moja ya bao ningeishusha, 4 zilikuwa tele guniani. Kidato cha kwanza angeliona. Nikajifunika shuka kichwani.

Kazini yule mzee wangu wa miaka 91 alinipokea asubuhi na sabuni mashavuni: "Mwalimu, moja na moja ngapi?" Akaniuliza hivyo kila siku, wiki nzima, na kila siku akacheka mpaka nikaogopa kumkata na wembe. Mgawa barua ndiye hakusema kitu. Barua alikuwa anazisukuma mlangoni bila kugonga, namwona tu mgongo ukitokomea.

Wiki ya pili akagonga. Ameshika kifurushi bapa, cha karatasi ya kaki, hakina jina la mtumaji.

"Weka sahihi hapa."

Nikaweka. Nikakichana palepale kizingitini. Kibati kipya, tundu la msumari limetobolewa kwa ustadi, katikati tarakimu 1, rangi haijakauka vizuri, ikanipaka kidole gumba. Nikainua macho, yeye ameshafika getini. Akageuka.

"Jumamosi saa nane," akasema. "Wasichana wa chini ya miaka 14. Usichelewe."