Leseni ya mwaka mzima kwa hoteli ya msimu

Wallahi inanichosha hii tabia ya wauzaji wa programu wanaozunguka hoteli za Paje na Nungwi, Zanzibar. Hawajauliza hata vyumba vingapi, wameshamwambia mwenye hoteli anunue leseni yake ya hifadhidata, yaani programu ya kutunza data za hoteli, aipeleke kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi kwenye mtandao. Kwani masika hawayajui? Mwezi wa nne na wa tano hoteli nyingi za pwani hazina watu, nyengine zinafunga kabisa.

Leseni ya kununua unailipia mgeni awepo asiwepo. Ya Oracle, kampuni ya hifadhidata, ina pia ada ya matengenezo ya kila mwaka, kwa kawaida asilimia 22 ya bei uliyonunulia. Njia ya pili, wasiyoitaja wauzaji, leseni imo ndani ya bei ya wingu na unalipa kwa saa. Ukiizima hifadhidata, saa hazihesabiwi, unabaki na gharama ya kuhifadhi data. Kwa saa ni ghali, ndiyo, na anayeiwasha usiku na mchana mwaka mzima huenda akafaidika na leseni yake mwenyewe. Basi wapige hesabu mbele ya mteja!

Halafu kori, yaani viini vya kichakato cha kompyuta. SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, ukiileta kwenye wingu kwa leseni za kori, kila mashine pepe (kompyuta ya kukodi iliyoundwa kwa programu) inahesabiwa kori zisizopungua 4, hata ukitumia 2. Hili mteja aambiwe lini, baada ya kulipa? Na PostgreSQL, hifadhidata isiyo na ada ya leseni hata senti moja, sijamsikia muuzaji akiitaja.