Pete Iliyobaki Mfukoni

Najua video mmeshaiona. Rafiki yangu kaisambaza kwa maneno "fundi abatizwa", na kuna waliokwisha kunitumia mara tatu kana kwamba mimi sikuwepo. Haya, sasa msikilizeni aliyebatizwa. Kwanza, sikulia. Yale yalikuwa macho yenye oili.

Vani yangu ni kuukuu. Habari za oili inazitoa kwa taa moja tu nyekundu, ile yenye umbo la birika, nayo huwaka presha ikishakwisha kabisa. Ni sawa na jirani anayekuja kukwambia nyumba inaungua wakati paa limeshaanguka. Ndiyo nikaamua kufunga geji ya presha ya oili, yenye sindano.

Zipo za umeme, waya mmoja unatoka kwenye sensa hadi kwenye dashibodi, basi. Na zipo za mrija, ambazo oili yenyewe hupanda kutoka kwenye injini mpaka nyuma ya geji, mbele ya magoti yako. Nilichagua ya mrija. Eti za umeme hudanganya. (Mnaoguna, guneni polepole.)

Nilifunga peke yangu, nikamaliza, nikamwita rafiki yangu. Tena nilimwita na simu yake. "Rekodi, bwana, uone kazi."

Nikawasha. Injini ilikuwa baridi, na oili ya baridi ni nzito, kwa hiyo presha ilipanda vizuri sana: bar 2, bar 3, ikagusa 4. Nikaanza kuhutubia. Nikasema, nanukuu kutoka kwenye video, "Sasa injini haiwezi kunificha kitu."

Tone moja likadondoka juu ya goti. Nikalifuta kwa kidole, nikaendelea na hotuba. La pili. La tatu likaja na ndugu zake. Kisha kikasikika kitu kama mtu anayefyonza meno, *tsss*, na mrija ukachomoka nyuma ya dashibodi, ukainua kichwa, ukanitazama. Naapa ulinitazama. Mdomo wangu ulikuwa wazi kwenye neno "presha".

Mtu mwenye akili angezima injini. Mimi nilishtuka, na mguu uliokuwa juu ya pedali ya mafuta ukashtuka nao, ukakanyaga mpaka chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini, hivyo kadiri nilivyokanyaga ndivyo nilivyojimiminia. Nikataka kuutoa mguu, kiatu kikateleza, kikarudi palepale. Nikaukamata mrija kwa mkono, ukaponyoka. Nikaziba kwa kidole gumba. Oili ikagawanyika pande mbili, nusu kwenye kioo, nusu kwenye sikio langu. Geji imelala sifuri, na lile birika jekundu, ambalo nilikuwa nimelitukana wiki nzima, likawaka.

Aliyezima ufunguo ni rafiki yangu, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado unarekodi. Kwenye video hamuuoni huo wa kulia, na hasemi kwamba alichelewa kwa sababu alikuwa anacheka.

Injini haikufa. Kiti kimekufa.

Jioni nilipokuwa navua suruali, kitu kidogo cha shaba kikadondoka sakafuni, kikabiringika. Pete. Ile ndogo inayovishwa mrija kabla ya kukaza nati, ndiyo inayoushika. Nilikuwa nimeiweka mfukoni "isipotee". Nimeufungisha mrija ndoa bila pete, nikashangaa umeondoka.

Nimeshanunua ya umeme. Safari hii, kwa kuogopa kuvuja, nyuzi za sensa, ile skrubu yake inayoingia kwenye injini, nilizizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, tabaka kwa tabaka. Kumbe sensa ya waya mmoja hupata bodi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha injini, kwenye nyuzi hizohizo, na mimi nimeikatia njia kwa mikono yangu. Leo asubuhi nimewasha, injini inanguruma vizuri, haivuji hata tone, na sindano imelala sifuri kama imekufa.

Rafiki yangu ameuliza geji mpya inasemaje. Nimemwambia inapumzika. Asije na simu.