Chujio moja au mawili? DNA na protini za bakteria wa bahari

Dodoma haina bahari, ila maji ya bahari huja. Mwanafunzi akichota maji Dar es Salaam ili ayafanyie kazi kwenye maabara ya huku, atoe DNA na protini kwenye chujio lile lile lililonasa bakteria, au kila kimoja na chujio lake?

Wanaotetea chujio moja wana hoja nzito. Mililita moja tu ya maji ya juu ya bahari huwa na bakteria wapatao milioni moja, na mchanganyiko wao haufanani ndoo hadi ndoo. DNA inaonyesha nani yupo, protini inaonyesha nani anafanya kazi, na vikitoka kwenye utando mmoja wa chujio huna shaka kwamba ni bakteria wale wale. Dawa za fenoli na guanidini zinaliwezesha hilo: RNA (nakala za jeni zinazotumika) hubaki juu kwenye maji, DNA katikati, protini chini kwenye fenoli.

Tatizo ni kwamba kinachoifaa DNA mara nyingi huiua protini. Proteinezi K, kimeng'enya kinachotumika sana kusafishia DNA, kazi yake ni kuzila protini. Kutikisa sampuli pamoja na shanga ndogo nako hupasua kuta ngumu za bakteria lakini huikatakata DNA. Halafu DNA ikiwa kidogo unaizidisha kwa PCR, njia ya maabara ya kunakili DNA mara nyingi; protini haizidishiki, ndiyo maana inadai lita nyingi za maji.

Mimi naegemea machujio mawili, yachujwe ubavu kwa ubavu kutoka ndoo moja. Na jambo linalonitia wasiwasi kuliko kemia yote hiyo ni safari. Treni ya SGR imeifupisha, sawa, lakini bakteria ndani ya dumu hawalali: giza na joto hubadilisha protini zao ndani ya saa chache, na wanaostahimili dumu huzaliana kuliko wenzao. Ukifika Dodoma unapima jamii ya dumu, si ya bahari.

Kwa hiyo chujia ufukweni kwa utando wenye matundu ya mikromita 0.22, ugandishe hapo hapo, usafirishe kwa barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa), yenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Barafu kavu ikikosekana, achana na protini. DNA ndani ya dawa ya kuhifadhia itavumilia njia. Na kama unataka kuzoeza mikono tu, Ziwa Singidani, la mjini Singida, lina chumvi na liko karibu kuliko bahari, ingawa magadi yake si ya baharini.