Kumuaga Mstaafu Shuleni: Hafla, Mafao na Mtu wa Langoni

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria hafla ya kuwaaga wastaafu watatu wa shule moja, walimu wawili na mlinzi. Walimu waliketi meza kuu pamoja na mgeni rasmi, wakasomewa risala, wakakabidhiwa vyeti vilivyotiwa fremu, na kila mmoja akapewa nafasi ya kusema neno. Mlinzi alikuwa langoni akielekeza magari ya wageni, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumtafutia mtu wa kumshikia zamu siku hiyo. Jina lake lilipotajwa, mwanafunzi mmoja alitumwa kumwita. Alikuja mbio na kofia yake ya kazi mkononi, akapokea bahasha, akainama kidogo, na akaondoka kurudi langoni kabla makofi hayajakoma.

Nimelirudia tukio lile mara nyingi akilini, kwa sababu ndani yake mna karibu kila hoja inayozuka kamati ya shule inapokaa kupanga namna ya kuwaaga wanaostaafu. Upande mmoja husema kwamba shule isiyowaaga watu wake kwa heshima imekosa utu, na upande mwingine hujibu kwamba hafla hizi hula muda na fedha, huku zikimwacha mstaafu na matatizo yale yale aliyoamka nayo asubuhi. Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Mimi naamini hafla ibaki, ila uzito wake hutokana na yale yaliyofanywa kabla ya viti kupangwa.

Hoja ya wanaoitetea inaanzia kwenye asili ya kazi yenyewe. Fundi akimaliza nyumba huiona imesimama, lakini mwalimu aliyemshika mtoto mkono akamwandikisha herufi ya kwanza hatakuwepo siku mtoto huyo, akiwa mtu mzima, atakaposoma mkataba wake wa kazi na kugundua kifungu kinachomdhulumu. Matunda ya ualimu huiva mbali na macho ya aliyepanda. Baada ya miaka 30 darasani, mtu anaweza kuondoka akiwa hana ushahidi wa kazi yake zaidi ya marundo ya maandalio ya masomo na sauti iliyokwaruzwa na vumbi la chaki. Siku ya kuagwa huenda ikawa siku pekee ambayo ushahidi uliotawanyika unakusanywa na kuwekwa mbele yake. Tena, walimu vijana wanatazama, na kwa namna mzee wao anavyoagwa wanapima kama njia waliyoichagua ina mwisho wenye staha.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo wapinzani wa hafla wanapopata nguvu. Kwa makadirio ya UNESCO, dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 wa shule za msingi na sekondari ifikapo mwaka 2030, na kiwango cha walimu wa shule za msingi wanaoacha kazi kilipanda kutoka asilimia 4.6 mwaka 2015 hadi takriban asilimia 9 mwaka 2022. Wengi wa wanaoondoka hawaifikii siku ya kustaafu. Shule inayotunza shukrani zake zote kwa ajili ya siku ya mwisho inawapa waliobaki hadi mwisho tu, na yule aliyechoka katika mwaka wa nane hupita langoni bila mtu kumuuliza kilichomsibu. Kuna pia suala la michango. Orodha ya majina hubandikwa ukutani katika ofisi ya walimu, kiwango kikawa kimoja kwa wote, na mhudumu wa usafi akatakiwa kutoa sawa na mwalimu mkuu. Zawadi iliyonunuliwa kwa fedha ya mtu aliyeshindwa kukataa haiwezi kuitwa shukrani, na katika hili sioni upande wa pili wa kuutetea.

Lakini hoja nzito kuliko zote ni ya mafao. Oktoba 5, 1966, mkutano ulioitishwa na UNESCO mjini Paris kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, na ni kwa kumbukumbu ya tarehe hiyo kwamba Siku ya Walimu Duniani imeadhimishwa tangu mwaka 1994. Pendekezo hilo linaeleza hadhi kuwa na pande mbili: namna jamii inavyoithamini kazi ya mwalimu na uwezo wake wa kuifanya, na pia mazingira ya kazi, mshahara na stahili nyingine anazopata akilinganishwa na watu wa taaluma nyingine. Waandishi wake hawakuziruhusu pande hizo zitengane. Hafla hutimiza upande wa kwanza tu. Mstaafu anayepigiwa makofi Ijumaa na kuanza kupanga foleni Jumatatu akitafuta barua yake ya ajira ya kwanza, kwa sababu haionekani kwenye faili, amepewa nusu ya hadhi, na nusu yenyewe ni ile ambayo haimnunulii dawa.

Watetezi wa hafla watajibu, na kwa haki, kwamba shule si mfuko wa pensheni na mwalimu mkuu hana mamlaka juu ya malipo hayo. Ni kweli. Lakini kuna mengi yaliyo chini ya mamlaka yake: kulikagua faili la mtumishi mwaka mmoja au miwili kabla, kuhakikisha tarehe ya kuzaliwa na mpangilio wa majina havipingani kati ya hati moja na nyingine, kumpa ruhusa ya kufuatilia nyaraka zake wakati bado analipwa mshahara. Pendekezo namba 162 la ILO la mwaka 1980, linalohusu wafanyakazi wenye umri mkubwa, linashauri kuwepo kwa programu za maandalizi ya kustaafu katika miaka inayotangulia mwisho wa ajira. Shule yenye nafasi ya kuunda kamati ya mapambo haikosi nafasi ya kumteua mtu mmoja wa kukaa na mstaafu mtarajiwa na kulipitia faili lake ukurasa kwa ukurasa.

Linabaki jambo gumu ambalo risala nyingi hulikwepa: si kila anayestaafu alifanya kazi vizuri. Yupo mwalimu aliyewavunja watoto moyo kwa maneno, na katika umati wa wahitimu walioalikwa huenda yumo mmoja wao, ameketi akisikiliza mtu aliyemdhalilisha akiitwa mlezi. Kuna wanaosema siku ya kuaga si siku ya hukumu, na kwamba hata huyo alitoa miaka yake. Nakubaliana nao kuhusu hukumu, ila sikubaliani nao kuhusu sifa. Inawezekana kumshukuru mtu kwa miaka aliyotumikia, kwa kutaja aliyoyafanya na kuacha asiyoyafanya, bila kumvika sifa ya upole asiyokuwa nayo. Tatizo liko katika risala inayonakiliwa kila mwaka na kubadilishwa jina tu, ambayo kila mstaafu ndani yake ni mchapakazi, mcha Mungu na mpenda watu. Maneno hayo humdhulumu mwalimu mzuri kuliko yanavyomsaidia mbaya.

Na kuhusu wasio walimu, Pendekezo la 1966 haliwasaidii sana, kwa sababu linamtaja mwalimu kuwa ni yule mwenye jukumu la kuwaelimisha wanafunzi shuleni. Mpishi, karani, mlinzi na mhudumu wako nje ya mstari huo. Wapo wanaoona ni sawa hafla ifuate mstari huo huo, kwa hoja kwamba ufundishaji ndio kiini cha shule na kuwaaga wote kwa kiwango kimoja ni kuififisha taaluma. Naielewa hofu hiyo, hasa katika kazi ambayo hadhi yake imeshuka mahali pengi. Lakini nimewahi kumwona karani wa shule akikaa hadi jioni na fomu za mtihani, kidole chake kikipita juu ya kila jina, akililinganisha herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa. Alikuwa anajua kwamba herufi moja iliyokosewa ingemfuata mtoto hadi ukubwani, ikamkwamisha mbele ya dirisha la ofisi fulani. Kazi ile haikuwa kufundisha, lakini bila yake kufundisha kungepotea bure, na kumtambua mwenye kazi hiyo hakumpunguzii mwalimu chochote.

Kwa hiyo sidai usawa wa zawadi wala wa urefu wa risala. Ninachodai ni kwamba anayeandaa hafla ajue, kwa kuuliza na kusikiliza, kila mmoja wa wanaoagwa alifanya nini hasa. Kuhusu mlinzi yule, nilikuja kusikia baadaye kutoka kwa mzazi mmoja kwamba alikuwa akiwajua kwa majina watoto ambao huchelewa kuchukuliwa, na kwamba hakuwahi kufunga lango akaondoka huku mmoja wao angali amekaa kwenye ngazi. Jambo hilo lingetosha kuwa risala nzima. Kulipata kungehitaji mtu wa kuzungumza na wazazi wawili watatu, na kumsomea mwenyewe kungehitaji mtu mwingine wa kushika lango kwa muda wa saa tatu.